Pole Tupu kwa Mwenye Duka

Hebu fikirini meza ya kanga mbele ya duka lililoungua, katika kichochoro cha Mji Mkongwe. Ukuta nyuma yake bado mweusi. Sisi wateja wa zamani tumekaa barazani, tunasema kwa sauti ya chini kama tuko matangani.

"Pole, baba. Mungu atakupa jengine," alisema bibi mmoja, akanyanyuka kuondoka.

"Nshapoa, Bi mkubwa," alijibu mwenye duka, huku akikunja kanga iliyokwisha kunjwa. "Lakini hizi nimeaminiwa tu. Zisipouzika hadi Ijumaa, mwenyewe anazichukua, na mimi nafunga. Tangu juzi napewa pole, hakuna anayenunua."

"Nikae nipatane bei na mtu aliyeunguliwa? Si uungwana."

"Mwaka jana ulinishusha bei mpaka nikataka kulia."

Bibi akacheka, akakaa tena. Akaisugua kanga kwa vidole viwili. "Hii si itachuja?"

"Haichuji," alisema, na mikono yake ikaacha kukunja.

Sijui kama Ijumaa itamkuta na meza tupu. Mimi nilichukua doti moja tu. Ila nakuombeni, mkenda kuwapa pole wenye maduka, kumbukeni kuuliza bei.