Chumba cha Maji katika Gemu la Pili

Mume wangu na kaka yangu walipatana siku ile ile ya kwanza, na mpaka leo sijawasamehe vizuri. Mume wangu alikuwa amekuja Newala kujitambulisha, na mshenga wake, na shati lenye mikunjo ya dukani. Mimi nilikuwa chumbani nasikiliza kupitia pazia. Nilitegemea kusikia habari zangu: tabia yangu, kazi yangu, labda hata sura. Nikasikia kaka anamuuliza mgeni kama aliwahi kucheza magemu ya Bwana Shamba. Mgeni akasema ameyacheza yote. "Lipi kali?" kaka akauliza. "La tano," mgeni akajibu. Kaka akaguna, akasema anayesema la tano bado hajakua, kali ni la pili na halitatokea jingine. Kuanzia hapo mshenga akawa hana kazi, akaishia kunywa soda.

Bwana Shamba si jina lake. Jina lake la Kiingereza limeandikwa kwenye ganda la sidii. Lakini yeye ni mtu wa kofia pana, mkoba begani na kamba kiunoni, na watoto wa Newala walipomwona walimfananisha na yule afisa wa kilimo anayekuja kukagua magonjwa ya mikorosho. Kazi yake ni kushuka kwenye miji ya kale iliyofukiwa ardhini, kutafuta njia, kusukuma mawe, kupigana na walinzi wasiotaka mgeni. Yametoka magemu yake mengi, miaka nenda miaka rudi, na bado yanatoka. Wanaoyapenda hubishana lipi bora kama wapenzi wa mpira wanavyobishania timu, na wala hawachoki.

Nina wivu. Naliandika neno hilo mapema nisije nikajipamba huko mbele. Ni mwalimu wa hesabu hapa Masasi, wanafunzi wanajua natoa alama kwa haki, lakini kwenye habari ya gemu hili sina haki hata kidogo.

Wivu ulianzia kwenye foleni ya maji. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimetoka unyagoni, na mama alikuwa amenikataza kusogelea kibanda cha gemu kilichokuwa karibu na stendi. Alisema msichana aliyekwisha kuchezwa unyago hasimami mahali palipojaa wavulana. Kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili, alikwenda kila siku baada ya shule. Mimi nilikwenda bombani. Maji Newala hayajawahi kupatikana kirahisi. Siku hizo yalikuwa yakitoka kwa matone, na foleni ya ndoo ilikuwa ikikunja kona. Kaka akimaliza zamu yake kibandani alikuja bombani, akageuza ndoo moja tupu, akaikalia, akaanza kunisimulia.

Nilikuwa na daftari. Kaka akisimulia, mimi nachora. Ngazi zilizoshuka upande wa kushoto, popo wanaoruka ukiwasha taa, mlango wa kwanza wenye sura ya ng'ombe. Mlango wa pili ulifungwa kwa mawe matatu, na ni mimi, si kaka, niliyegundua kwamba jiwe la kati lisukumwe mwisho. Nilimwambia hapo bombani, kesho yake akaenda akajaribu, mlango ukafunguka. Kibanda kizima walimbeba juu. Alikuja kuniambia huku anahema kwa furaha, na mimi nikafurahi, halafu usiku nikakosa raha. Jibu lilikuwa langu, aliyebebwa juu ni yeye.

Baada ya mlango wa pili mambo yakawa makubwa. Palikuwa na soko ambalo watu wake wote ni wa udongo, wamekaa nyuma ya vikapu vitupu wakisubiri wanunuzi. Palikuwa na njia nyembamba inayopuliza upepo kutoka chini. Halafu kikaja chumba cha maji.

Chumba cha maji ndicho kilichoniharibu. Kaka alisema ni kikubwa kuliko kanisa na msikiti ukiunganisha. Mvua inanyesha humo ndani muda wote, inapiga paa la bati, inaingia kwenye mitungi iliyopangwa ukutani, na mitungi haijai. Bwana Shamba habebi ndoo. Akitembea, maji yanamfuata nyuma kama mbuzi aliyezoea mtu. Akisimama, yanasimama. Akitaka mlango ufunguke lazima amtafutie kila mtu wa udongo wa kule sokoni maji yake, mmoja mmoja, na kila anayekunywa anaamka na kusema jina lake.

Nilikichora kwa kalamu ya buluu mpaka ikaisha wino. Nilikuwa nimesimama juani na ndoo mbili, natazama kidole gumba cha kaka kilichokuwa chekundu kwa kubonyeza pedi ya gemu, nikakichukia kidole kile. Kilikuwa kimefika mahali ambapo mimi nisingefika kamwe.

Mwaka uliofuata nilifaulu, nikaja Masasi kuanza kidato cha kwanza, bweni. Kaka aliniahidi kwamba kilicho nyuma ya mlango wa chumba cha maji atanisimulia nikirudi likizo. Kaka aliishia la saba, akajifunza ufundi wa mashine za kupulizia mikorosho. Leo ukienda Chilangala au Mnyambe ukitaja fundi wa Newala watakuonyesha kwake. Ameoa, amejenga, mama anakaa naye. Hana shida.

Shida ni kwangu. Kila Jumapili baada ya kula, mume wangu anampigia simu kaka, anaweka spika, wanabishana. La tano lina mapigano. La pili lina milango. La nne lilikuwa zuri ila muziki wake mbaya. Wanaitana shemeji kwa sauti ambayo mume wangu haitumii kwa mtu mwingine yeyote, mimi nikiwamo. Nawapelekea chai. Naambiwa asante bila kuangaliwa.

Jumapili moja nikaweka sinia chini nikasema, "La pili ndilo bora, na sababu ni..."

"Wewe umecheza lini?" mume wangu akanikatiza, kwa upole tu, kama anavyomuuliza mtoto.

Kaka akacheka kwenye spika. "Huyo alikuwa mchora ramani tu, shemeji."

Mchora ramani tu. Nilirudi jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Mume wangu ana mashine ya gemu, na katika sanduku lake la sidii gemu la pili lipo. Miaka yote sikuligusa, kwa kiburi. Likizo ya Juni ilipofika, yeye kazini, watoto kwa bibi yao mzaa baba, nikafunga mlango wa sebuleni saa nane mchana, nikashika pedi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa na miaka thelathini na zaidi.

Nilikufa mara nyingi. Vidole vyangu ni vya chaki. Lakini ngazi zilikuwa kushoto, na popo waliruka nilipowasha taa, na ng'ombe alikuwa mlangoni, nikacheka peke yangu. Mlango wa pili niliufungua bila kufikiri. Kisha nikajiweka sawa kwenye kochi nisubiri soko.

Hapakuwa na soko. Palikuwa na ukumbi mtupu, kisha mchanga, kisha walinzi, kisha mchanga tena. Nilicheza siku nne mchana. Nilipapasa kila ukuta. Mji wote ule ni wa jangwani, hamna tone. Siku ya nne Bwana Shamba alitoka nje juani, majina ya waliolitengeneza gemu yakaanza kupanda, na mimi nikabaki nimeshika pedi mdomo wazi.

Jioni nikamuuliza mume wangu kama sidii ile imekatwa sehemu. Akasema ni kamili. Nikamuuliza kama kibandani Newala walikuwa na memori kadi ya kuhifadhia mchezo. Akashangaa swali linatoka wapi, akasema vibanda vya zamani vingi havikuwa nayo, watu walianzia mwanzo kila siku. Zamu ya kaka ilikuwa nusu saa, na kwa nusu saa hufiki mbali zaidi ya mlango wa pili. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya nikiwa na miaka kumi na moja, sikuifanya. Na paa la bati! Ni mji gani wa kale uliofukiwa ardhini ukaezekwa bati?

Nikakumbuka pia kwamba katika mabishano yote ya Jumapili kaka hajawahi kukitaja chumba cha maji mbele ya mume wangu. Hata mara moja.

Sikuumia kama unavyoweza kudhani. Nilifurahi, furaha mbaya. Nilikuwa nimepata fimbo.

Tulipanda Newala mwisho wa wiki. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, ua wa kaka ulijaa mashine za watu na harufu ya dawa ya salfa. "Shikamoo kaka." "Marahaba mwalimu, za Masasi?" Tukala. Mama akaenda kupumzika. Wanaume wakatoka barazani, na haikuchukua muda nikasikia la pili, la tano. Nikatoka na mimi, nikavuta kigoda, nikakaa katikati yao.

"Kaka," nikasema, "mweleze shemeji yako chumba cha maji."

Alinitazama. Nadhani alijua hapo hapo. Angeweza kusema amesahau, angeweza kuigeuza ikawa mzaha, na mimi ningebaki na fimbo yangu mkononi. Badala yake akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, akaanza.

Alikisimulia chote. Mvua, mitungi, maji yanayofuata. Aliongeza vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia: kwamba kuna mwanamke mmoja wa udongo kule sokoni ambaye hataki kunywa kabla wengine hawajanywa, na Bwana Shamba anamrudia mara tatu. Mume wangu alisahau chai. Hata mimi nilijikuta nimeinamia mbele, nimeshika magoti, na nikajichukia kwa hilo.

"Mbona mimi sikukiona?" mume wangu akauliza. "Nimelimaliza mara mbili lile gemu."

"Kwa sababu hakipo," nikasema. "Nimelicheza mpaka mwisho. Baada ya mlango wa pili ni mchanga tu. Kaka hajawahi kuvuka mlango wa pili."

Mume wangu alicheka mpaka akashika nguzo. "Shemeji! Miaka yote hii! Ulikuwa unacheza gemu lako peke yako!" Kaka akacheka pia, akampiga bega, akasema fundi haachi kazi ya watu, akaenda uani kwenye mashine zake.

Nilikuwa nimeshinda. Nilikaa pale kama dakika moja nikisubiri utamu wa ushindi, haukuja. Nikamfuata.

Alikuwa amechuchumaa, amefungua mashine, anapuliza uchafu kwenye mrija. "Ulinidanganya," nikamwambia.

Alinijibu kwa Kimakonde, lugha ambayo mume wangu, Mmakua wa Masasi, haifuati vizuri. Alisema mji mzima huu hakuna kijana aliyevuka mlango wa pili na kufika mbali. Ukivuka tu, zamu imekwisha, mwenzako anakunyang'anya pedi, na kesho mnaanzia mwanzo.

"Si ungeniambia hivyo."

"Ningekuambia hivyo ungefunga daftari." Akaupuliza tena ule mrija. "Wewe ulikuwa wa kwanza darasani. Kila mgeni akija baba alikuwa anatoa ripoti yako kabatini. Mimi nilikuwa nakuonea wivu. Nilikuwa na kitu kimoja tu unachokitaka, kikawa kimekwisha. Ndiyo nikaongeza."

Nilimwangalia. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilimwonea wivu, kwa kidole chake, kwa kubebwa juu, kwa Jumapili zangu zote za chai. Wivu haukuniachia hata hapo, ulibadilisha kiti tu. Nimefundisha mamia ya watoto, na sijawahi kumtungia mtu hata mlango mmoja. Yeye alijenga mji mzima akiwa amekaa kwenye ndoo, kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa anakichukia kidole chake.

"Wote wakishakunywa," nikasema, "ule mlango unafunguka. Upande wa pili kuna nini?"

"Sijui tena."

"Uliniambia utanisimulia nikirudi likizo."

"Nilikuwa tayari," kaka akasema. "Ulirudi na sketi ya shule na kamusi, ukaniuliza kama nimeshatafuta kazi."

Akavuta kamba ya mashine. Ikawaka kwa mvuto wa kwanza tu, ikajaza ua wote kelele, na hatukuweza kusikilizana tena.