Taa Aliyekunjwa Tumbo Ndani

Kawira alizaliwa Kiirua, kwenye mashamba ya viazi. Samaki wa chumvi alimjulia Majengo, mjini Meru, alikoolewa. Miaka tisa kibanda chake cha papa na taa, yule samaki bapa wa mbawa pana, kilijaa kila Ijumaa baada ya swala, akajipatia jina. Jina hilo Njuki alilibomoa kwa siku moja.

Njuki ndiye aliyekuwa akimletea samaki kutoka Mombasa. Siku hiyo alileta taa mkubwa, amekunjwa tumbo ndani. Kawira akamkagua mgongo tu, kama watu wa milimani wanavyokagua mbuzi, akaridhika. Jamani, taa hukaguliwa tumbo! Akamkata pembeni, akapika. Alipokuja kumkunjua wote akaona vidonda vitupu tumboni, sufuria ya kwanza ilikuwa imeshaliwa na Kathuri muuza nyama anatapika. Bwana afya akafunga kibanda. Naye Njuki, bila haya, akazunguka mtaa mzima: "Mtu wa viazi atajua samaki? Kamwozesha mwenyewe!"

Kawira akampelekea kipande mpwa wake Igoki, fundi wa maabara.

"Mama mdogo, huyu aliugua baharini," Igoki akasema. "Bakteria walimla ngozi akiwa hai. Ona kingo za vidonda, zilikuwa zimeanza kujifunga. Samaki aliyekufa haponi kidonda."

Barua ya Igoki ilifungua kibanda baada ya miezi mitatu. Midomo ya watu haikuifunga. Kawira asamehe? Thubutu!

Ijumaa ya kufungua aliwaalika majirani, na Njuki pia, akaja anachekacheka. Kawira akamwekea sahani ya taa wa nazi mbele ya wote.

"Mzee Njuki, kwetu mwenye kuleta uji ndiye huonja kwanza. Huyu ni yule wako. Nilimweka nusu."

Njuki akatazama sahani, akatazama mlango. "Nimeshiba."

"Kipande kimoja tu, mzee."

"Unataka niugue? Huyo alitoka Mombasa na vidonda!" likamtoka.

"Kumbe ulijua! Si ulisema nilimwozesha mimi?"

Njuki akasimama. Kawira akavuta ile sahani, akaketi.

"Huyu nilimnunua jana kwa Beth, muuza samaki wa sokoni. Mzima kabisa."

Akala polepole mpaka kwenye gegedu, macho yake kwa Njuki, na utamu wa chakula kile hakuwahi kuuonja maishani. Kathuri, yule aliyetapika, akavuta kiti.

"Na mimi nipakulie," akasema.