Gauni la Komunyo

Mtanisamehe, lakini robota la mitumba likifunguliwa, ile harufu yake ya dawa na uvundo ikinipanda puani, ulimi wangu hukauka. Wenzangu wananusa nguo za bei nafuu. Mimi nanusa damu.

Mitumba ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusiwa kuuzwa waziwazi. Mama, aliyelima maharage mlimani juu ya Mlali, alishuka mnadani na debe kichwani, akarudi na gauni jeupe la lesi, refu, lenye utepe kifuani. Alilifua mara tatu, harufu ikagoma kutoka. Nilikuwa na miaka tisa, Jumapili ile napokea komunyo ya kwanza, na nilijiona malaika.

Kanisani nilipangwa na Stella, binti wa mwenye lori aliyenunua mazao yetu yote ya mlimani. Gauni lake lilitoka dukani Dar es Salaam. Alinitazama juu mpaka chini, akaninong'oneza bila ubaya wowote, kama anayenisaidia.

"Mbona hilo la kulalia? Mama analo kama hilo."

Kwetu tulilala na kanga. Sikujua kama kuna watu wanaovua nguo ili wavae nyingine wakalale. Lakini nilimwamini papo hapo. Katekista alikuwa ametuonya kwamba ukipokea hostia huku unamdhihaki Mungu, itageuka damu kinywani na kanisa zima litaona. Nami nilikuwa nakwenda mbele za Mungu na nguo ya kitandani.

Niligeuka kumtafuta mama. Alikuwa benchi la mwisho, mkono mdomoni. Akaninyooshea kidevu kuelekea mbele. Nikaenda. Padri aliposema "Mwili wa Kristo" nilisahau hata kuitikia amina. Hostia ikanata kwenye kaakaa. Nilifumba mdomo njia nzima ya kupanda nyumbani, naogopa hata kumeza mate, nasubiri ladha ya chumvi. Mama hakuniuliza nina nini.

Nilipoanza kazi mjini nilimpelekea gauni la kulalia, jipya. Akaipapasa ile lesi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Lile lako muuzaji aliniambia ni la nini," akasema. "Nikashona ule mpasuo wa pembeni, nikajua huku kwetu hakuna atakayelitambua. Kumbe mke wa mwenye lori kaja. Misa nzima sikusali, mwanangu. Namwangalia yeye tu. Angecheka yeye, wangecheka wote."

Miaka yote hiyo nilidhani niliogopa peke yangu, kumbe tulikuwa wawili. Mimi nilimwogopa Mungu. Mama, ambaye maharage yake hayakuwa na lori jingine la kupanda, alikuwa na mtu wa karibu zaidi wa kumwogopa.