Somo la Shimo Jeusi, Katindo

Viateur alitoroka vita vya Masisi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia mtaa wa Mapendo, mjini Goma, akasoma fizikia kwa kiu ya mtu aliyenyimwa. Alipokuwa mwalimu katika shule ya mtaa wa Katindo, aliapa kwamba mtoto wa Goma ana haki ya kuijua nyota kabla ya kuujua mlio wa kombora. Lakini milio ilitangulia.

Asubuhi ile, vita vikiwa vimefika mji jirani wa Sake, alikuwa akieleza shimo jeusi: nyota kubwa iliyokufa, ikajiangukia yenyewe, ikawa na mvutano mkali hata mwanga hauwezi kutoka. Ghafla kombora likaanguka upande wa kambi ya wanajeshi iliyokuwa jirani na shule. Vioo vya madirisha vikamwagika. Wanafunzi wakajitupa chini ya madawati, isipokuwa msichana mmoja, Héritière, aliyekimbilia mlango na kushika kitasa.

"Monsieur, niache! Mama iko peke yake ku nyumba!"

Viateur aliuziba mlango kwa mgongo. Njia ya kwenda kwao msichana ilipita ubavuni mwa kambi. Akaendelea na somo, sauti ikikwaruza.

"Karibu na shimo, wakati unapunguza mwendo. Ukimtazama kwa mbali mtu anayeanguka, utamwona anazidi kwenda polepole, mwanga wake ukififia..."

"Basi tuko karibu nalo, Monsieur," Prodige alisema chini ya dawati. "Leo saa ya kwenda récréation kucheza haifike!"

Wachache walicheka. Kombora la pili likawakata kicheko.

"Shimo lina mpaka," Viateur alisema. "Nje yake bado unaweza kugeuka. Ukishauvuka, hata mwanga haurudi."

Héritière hakuwa ameachia kitasa. "Na mutu mwenye kuanguka, anajua kama amevuka?"

Angeweza kumdanganya.

"Likiwa shimo kubwa sana, hajui. Hakuna ukuta, hakuna alama. Kwake ni hatua kama nyingine tu."

Msichana aliitazama barabara kupitia dirisha lisilo na kioo. Ilikuwa tupu, jua likiwaka kama siku yoyote. Mkono wake ukaachia kitasa. Akateleza hadi sakafuni, akimlilia mama yake.

"Na sisi, Monsieur?" aliuliza baadaye. "Humu ndani, tumeshavuka?"

Viateur alisikia mluzi wa kombora jingine ukija. Akajitupa juu ya Héritière, akamfunika kichwa kwa mikono yake.