Magunia Mawili ya Baba

Nasema "enzi zetu" na huku niko kidato cha tatu tu. Mnisamehe, lakini wadogo zangu hawa wanadhani pamba inaota dukani hapa mjini Mabatini, ikiwa imefungwa kabisa kwenye karatasi ya bluu. Sisi kule Sengerema tulilala juu yake. Msimu wa kuvuna nyumba ilijaa, tukawa tunaruka kutoka dirishani na kutua kwenye lundo, midomo imejaa michembe ya viazi vikavu na karanga. "Tokeni humo, mtaichafua!" mama alifoka.

Baba alijua kuchambua. Pamba safi huku, fifi yenye madoa kule, hata jani kavu moja halikumpita. Majirani walikuja uani kujifunza kwake, na karani wa chama cha ushirika hakuwahi kufungua magunia yake. Baadaye wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake, na baadhi ya wakulima wakaanza kumwagia pamba maji iwe nzito. Baba hakutaka hata kusikia.

Ila mwaka mmoja alisema tukiuza vizuri tutanunua plau ya kukokotwa na ng'ombe. Mimi jembe la mkono lilikuwa limenitoa malengelenge viganja vyote. Wenzangu wakiwa wanakula, nikabeba ndoo, nikamwagia magunia mawili. Nilijiona nasaidia.

Kwenye kituo cha kununulia pamba, karani wa mnunuzi mmoja alizamisha mkono kwenye gunia, akautoa umelowa.

"Shikamoo mzee. Hii pamba umeinywesha mtoni?"

Watu wakaangua kicheko. "Kumbe hata mwalimu wetu!" jirani mmoja akasema.

"Mimi sijatia maji," baba akajibu. Akanigeukia. "Nimechambua na binti yangu huyu. Waambie, mama, tumetia maji?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. "Sijui, baba."

Ingekuwa heri ningekaa kimya. Pamba yote tuliirudisha nyumbani, na plau haikununuliwa. Baba hakuniuliza tena, na mpaka leo sijui kama alijua.

Zamani msimu ukifika ua wetu ulijaa watu, kelele na vicheko. Likizo iliyopita nilimkuta baba anachambua peke yake. Nikakaa kando yake, nikaanza kutoa majani, nikitafuta pa kuanzia kusema. Akanitangulia yeye.

"Wewe kasome vitabu vyako, mama. Usijichafue mikono."

Nikainuka, nikaenda.