Kifaa Kilichozima Simu za Tabora

Siku yangu ya kwanza kazini nilipandishwa nguzo ya simu huko Kigwa, kando ya reli, nimevaa viatu vya kuazima. Msimamizi wa Laini, mzee wa Kisukuma asiye na maneno mengi, alinitazama kutoka chini akasema, "Ukianguka, usiangukie waya." Ndivyo tulivyofundishwa ufundi miaka ile michache baada ya Uhuru. Ninyi mnaobeba simu mfukoni mtacheka. Chekeni tu.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha simu Tabora mjini. Chumba cha mitambo kilijaa rilei, yaani swichi ndogo zinazovutwa na sumaku umeme unapopita. Zote zilitegemea betri kubwa za chumba cha nyuma. Betri zikilegea, rilei huachia, na mji mzima huwa bubu. Kwenye ubao wa kuunganishia simu alikaa opereta wa zamu ya asubuhi, Bi. Zuhura wa mtaa wa Mtendeni, binti wa mwenye duka, wa ukoo wa Waarabu wa Tabora. Alinizidi umri kidogo, na kwa kazi hakuna aliyemfikia.

Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa, laini ya kwenda Puge ikawa inakwaruza. Mkuu wa Kituo akaleta kifaa cha kufuatilia hitilafu, sanduku la chuma lenye kalamu inayochora kwenye karatasi kila kinachopita kwenye waya. Alikipenda kuliko alivyotupenda sisi. Kila Jumatatu asubuhi nilikichomeka, na kila Jumatatu kabla ya saa nne simu zote zilikufa.

"Nikitoe, Mkuu?" niliuliza.

"Ukome! Ukikitoa, kosa utalionaje?"

Basi tulikiacha, tukafungua mitambo, tukafuta vumbi, tukakaza skrubu. Mchana nilipokichomoa ili nikakifungie kabatini, simu zilifufuka, nasi tukapeana mikono kwamba tumetengeneza. Wiki sita tulipeana mikono namna hiyo. Naona aibu hadi leo.

Mkuu akapitia daftari la zamu, akakuta kila hitilafu ina jina lilelile: Zuhura. Zamu ya asubuhi ilikuwa yake, angemkuta nani mwingine? Lakini neno hujuma lilikuwa midomoni mwa kila mtu wakati ule, na duka la baba yake likatosha kuwa ushahidi.

Jumatatu iliyofuata sikukichomeka. Simu ziliita hadi adhuhuri. Nikakichomeka, dakika ishirini, kimya. Nikakifungua. Ndani, kila kilipopata moto, waya wa betri uligusa waya wa ardhi, na umeme wetu wote ukaishia udongoni. Nilimpelekea Mkuu sanduku likiwa wazi.

"Kifaa hiki nimekiagiza mimi," alisema bila kutazama ndani. "Unataka niwaambie wakubwa kwamba nimezima simu zangu mwenyewe?"

Akanisukumia karatasi: mitambo haina kosa, hitilafu imetokana na mkono wa mtu. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi ya fundi. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, nami nikampisha. Nilitia sahihi. Zuhura alifukuzwa kabla ya Ijumaa, na kile kifaa kikafungiwa kabatini, hakikutoka tena.

Nilipanda hadi Fundi Mkuu, nikastaafu kwa sherehe na saa ya ukutani. Walinisifu kwa uaminifu. Mwezi uleule nilikwenda Mtendeni.

"Shikamoo, Bi. Zuhura."

"Marahaba, fundi. Karibu ukae."

Nilimweleza yote: sanduku, waya, sahihi. Alisikiliza huku anapepeta mchele, hakuinua uso.

"Nilijua ni lile sanduku," alisema. "Kila ulipolichomeka, taa za ubao wangu zilianza kufifia. Ningesema, nani angemsikiliza binti wa mwenye duka? Nikanyamaza. Nikajiambia, fundi yupo, ameona, atasema."