Uzi wa Nne

Hapa Gihundwe wanatuita wazungu weusi. Eti wazee wazima, badala ya kulima maharage, tumenunua mtumbwi wa kutembelea ziwani! Waseme. Mume wangu amejaza karatasi za forodha za watu pale mpakani Rusizi ya Kwanza mpaka macho yakachoka, mimi nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini. Tuna haki ya kupoteza mchana wetu tunavyotaka.

Jina lake Wenceslas, ila tangu tumzae binti yetu namwita Papa Umwali. Kasia napiga mimi. Yeye hata kuogelea hajui. Hukaa mbele ananitazama, gita mapajani, nami navuta kasia kwa mapigo yake. Gita alijifunza Bukavu, upande wa Kongo, tulikokulia. Tuliporudi Rwanda alibeba gita, mimi nikabeba sufuria zote na godoro. Tuligombana sana siku hiyo.

Mwezi wa pili kiharusi kikamwangusha bafuni. Mungu ni mwema, maneno yalirudi, vidole vikarudi, ukabaki mguu unaokokota. Lakini hofu haikumtoka. Baba yake alikufa hamjui mwanawe hata mmoja, na Papa Umwali akashika neno moja tu: zamu yangu imefika. Akisahau miwani, analia. Akikosea jina la jirani, hali chakula. Siku moja akaniambia:

"Patricie, nitapiga gita. Kama bidole binajua njia, kichwa iko muzima. Kama habijue, basi, miye nimekwisha."

Niliogopa. Gita ilikuwa imekaa miezi, nyuzi zimeshika kutu. Nikajisemea, acha nimrahisishie huo mtihani wake. Nikaichukua kwa siri hadi Kamembe, kwa Ntabaza, fundi wa redio na magita, nikamwambia aweke nyuzi mpya zote. Akaweka. Nilirudi nayo nyumbani nikijiona mwerevu kuliko wanawake wote wa Rusizi.

Jumamosi tukashuka ziwani. Nilipiga kasia hadi mahali maji yametulia, naye, bila miwani, akaanza wimbo alionitungia tukiwa wachumba. Vidole vilikwenda sawasawa, niliviona kwa macho yangu. Lakini sauti, jamani! Pale wimbo unapotakiwa kupanda, ukaporomoka chini, mzito, kama mtu aliyekosa ngazi. Akarudia. Ukaporomoka. Akarudia mara ya tatu, jasho linamtiririka.

"Iko muzuri, Papa Umwali," nikasema. "Unapiga kama zamani."

Nilidanganya. Na kinachoniuma zaidi si uongo wenyewe, ni kwamba hata mimi niliamini ameharibika. Alinitazama usoni akajua. Akaipiga gita ukingoni mwa mtumbwi mara moja, mara mbili, shingo ikavunjika, mabaki akayatupa majini. Mimi nilikuwa nimeshika shati lake kwa mikono yote miwili, nikidhani na yeye anafuata.

Tangu siku hiyo hakutoka kitandani. Alisubiri kufa kama mtu anayesubiri gari. Uji nilimlisha kwa makelele: "Kula, weye! Sitafunga kitenge ya kilio juu ya gita!" Halafu nakwenda jikoni, nafunga mlango, nalia mpaka moto unazimika.

Wiki ya pili nilikwenda Kamembe kununua dawa zake. Ntabaza akaniita toka kibandani kwake, meno yote nje.

"Maman, Mzee alifurahi? Nilimurekebishia na kosa. Muntu fulani alikuwa aliweka uzi mwembamba ku nafasi ya ine," akanyoosha vidole vinne, "pahali pa ule munene. Niliutosha pale, nikaweka wenye kufaa."

"Kosa gani?" nikauliza. "Ile gita hakuna muntu mwingine aliigusa. Ni yeye tu, maisha yake yote."

Meno yakarudi ndani. "Aa, Maman! Kumbe anapiga gita ya bazee ba Kongo? Bale njo banafungaka vile, uzi wa ine unalia juu."

Mungu wangu. Miaka arobaini nimeisikiliza gita ile, sijawahi hata siku moja kuangalia nyuzi zake. Mzima alikuwa yeye. Mbovu ilikuwa gita, na aliyeipeleka kuharibiwa ni mimi. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, lakini mimi nilitaka kuyazoa. Nikamshika Ntabaza mkono: "Funga kazi! Weye njo utamuambia." Tukapanda moto mbili, zile pikipiki za abiria, hadi Gihundwe, yeye na gita nyingine mgongoni, ameifunga uzi mwembamba pale panapotakiwa.

Alieleza kila kitu akiwa amesimama mbele ya kitanda, kofia mkononi. Kosa ni lake. Vidole vya Mzee vizima, kichwa kizima. Akailaza gita juu ya blanketi. "Jaribu, Mzee. Kidogo tu."

Papa Umwali hakuigusa. Alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu yake yote, akamshukuru, akamtakia safari njema. Mimi nilikuwa nalia kwa furaha, nikijua yamekwisha.

Mlango ulipofungwa akanishika mkono. Akatabasamu.

"Maman Umwali, unanipenda, minajua," akasema polepole. "Ulimupa nini, ule muntu, aseme vile?"